Mgonjwa wa ini asilale njaa

Kila nikifungua grupu la WhatsApp la ukoo nakuta mtu kaforwadi ile orodha ya vyakula alivyokatazwa mgonjwa wa ini, mayai hapana, nyama hapana, maharage hapana, maziwa ndo usiseme, ukimaliza kuisoma umebaki na uji mwepesi na juisi ya rozela. Najua wanatuma kwa upendo. Ila jamani, kwa mtu ambaye ini limeshasinyaa na tumbo linajaa maji, orodha hiyo inammaliza.

Bamdogo wangu ana homa ya ini B, ilikaa kimya miaka na miaka mpaka ini likajaa makovu. Ukimuona harakaharaka unaweza kusema kanenepa, tumbo kubwa na mizani inapanda, lakini mtazame hapa pembeni ya macho palivyobonyea, alafu ushike mkono juu ya kiwiko, vidole vinakutana. Zile kilo ni maji, misuli ndo inayoondoka. Mtaalamu wa lishe aliyemuona alianza na mkono ndo akaja kwenye mizani.

Yaani iko hivi. Ini ndo stoo ya sukari ya mwili, mtu mwenye afya akila saa mbili usiku akalala, ini linatoa akiba kidogokidogo mpaka asubuhi. Ini lenye makovu stoo yake ndogo, inaisha usiku katikati, na mwili ukikosa unaanza kuvunja misuli ili utengeneze sukari. Usiku mmoja tu bila kula, mwili wa mgonjwa wa sirosisi (ndo huko ini kujaa makovu) unakuwa kama wa mtu mzima aliyeshinda njaa siku 2 au 3! Mimi niliposikia hiyo nikaelewa kwanini anaamka hana nguvu hata ya kupiga mswaki.

Kwahiyo kwetu kuna mlo wa kulalia. Saa nne usiku, mamdogo kashafunga geti, anakoroga uji mzito wa maziwa, au mkate na yai la kuchemsha, au ndizi na mtindi, bamdogo analalamika kashiba, anaambiwa "Baba Zuhura, mezea hivyohivyo." New Zealand walilipima hili, utafiti ukatoka 2008, wagonjwa walipewa kinywaji cha lishe kilekile, wengine mchana wengine usiku kabla ya kulala, baada ya mwaka wale wa usiku ndo walioongeza nyama ya mwili, wa mchana wapi. Na asubuhi akiamka tu ale, asisubiri mpaka saa nne chai ya ofisini. Mchana ni kidogokidogo mara nyingi, maana yale maji yanabana tumbo, sahani moja kubwa haiwezi kabisa. Akitolewa maji hospitali siku mbili tatu zinazofuata anakula vizuri, hapo ndo pa kumshindilia.

Sasa protini, hapa ndo ugomvi wa familia ulipo. Ini likichoka linashindwa kusafisha amonia, ile sumu inayotokana na protini mwilini, inapanda kichwani, mgonjwa anachanganyikiwa, analala mchana anakesha usiku, mikono inatetemeka (na mtaani wanakwambia karogwa). Zamani hata madaktari walikuwa wanamkatia protini mtu wa hivyo. Siku hizi hapana. Barcelona mwaka 2004 walilinganisha wagonjwa waliobanwa protini na waliokula kawaida, kuchanganyikiwa kukapona sawasawa, ila waliobanwa miili yao ilizidi kujivunja. Alafu misuli yenyewe inasaidia kusafisha amonia, sasa ukiimaliza misuli umemsaidia nini?

Wanachoshauri wataalamu ni gramu 1.2 mpaka 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito, kilo bila yale maji. Mtu wa kilo 60 ni gramu 72 hadi 90 kwa siku, na yai moja ni kama 6 tu, kikombe cha maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyoiva kama 15. Sio mchezo. Bamdogo nyama nyekundu ilikuwa inamkinai, tukahamia maharage, choroko, dagaa, mtindi, na vitu vya nafakanafaka na maharage vinasaidia choo kitoke, maana choo kikigoma ndo amonia inapanda. Ile dawa tamu ya maji ya kulainisha choo aliyoandikiwa haikatishwi hata kama anakimbia chooni mara 2 au 3, ndo kazi yake.

Chumvi kweli ipunguzwe, kama kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima kwa kila kitu, na sio ile ya sufuriani tu, hesabu mkate, viungo vya pakti, soseji, ng'onda. Limau, tangawizi na kitunguu saumu vinaokoa jahazi. Lakini mimi naona bora mchuzi wenye chumvi kidogo anaoula kuliko usio na chumvi anaousukuma pembeni. Chumvi mbadala za dukani msimpe bila kumuuliza daktari, nyingi ni potasiamu na zikikutana na baadhi ya dawa za kutoa maji ni hatari. Karanga na unga wa mahindi vikinuka ukungu tupa, sumukuvu inapiga ini moja kwa moja, 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa mahindi ya hivyo.

Ramadhani daktari alimkataza kufunga, iliuma kweli, mamdogo anatoa fidia.

Na kuna wageni wa kuja na chupa za mizizi. Mwenye ini bovu hana uwezo wa kuchuja dawa ambayo hata aliyeichemsha hajui ina nini. Siku hizi mtu akipiga simu kwamba anakuja kumuona mgonjwa namwambia mapema, lete trei ya mayai.