Taitai

Jumamosi, baada ya alasiri. Nimekaa barazani na madaftari ya kidato cha pili nimeyatandaza mkekani. Moja nimelisoma mara tatu na bado sijaliweka chini. Nataka kuandika juu ya daftari hilo, lakini lazima nianze na Jumanne, siku mwandishi alipotutembelea.

Aliteremka bandarini Mkoani, hapa kwetu Pemba, asubuhi, akapanda gari mpaka Chake, na Chake akaunganisha nyingine mpaka kwetu huku kaskazini. Alijilipia nauli mwenyewe na akaniomba nisilitangaze jina lake, kwa hiyo silitaji. Ni mzaliwa wa Pemba anayeishi Unguja, ana riwaya mbili na hadithi kadhaa za watoto. Tulijuana zamani, tulipokuwa tukisomea ualimu.

Kusema kweli, nilikuwa na wasiwasi. Katika skuli niliyokuwa nikisomesha zamani aliwahi kuja mgeni wa namna hii. Viti vya wakubwa vilipangwa kivulini, watoto wakasimama juani, mgeni akawahimiza wapende kusoma, picha zikapigwa, gari ikaondoka. Vitabu alivyovileta vikafungiwa kabatini visije vikachakaa. Nilipohama miaka minne baadaye, vilikuwa bado vimo ndani ya nailoni zake. Ndiyo maana safari hii niliomba kusiwe na meza kuu wala uwanja. Awe yeye na darasa langu tu, wanafunzi 42, watatu watatu kwa kila dawati.

Alipokwisha kusalimia, alifungua mkoba wa ukili akatoa rundo la karatasi. Ilikuwa riwaya yake ya pili, kabla haijapelekwa kwa mchapishaji. Akazigawa karatasi dawati kwa dawati. Mistari imekatwa, maneno yamebanwa pembeni, mishale inapanda na kushuka, na karatasi moja ina duara la kikombe cha chai. Wanafunzi wangu hawajapata kukiona kitabu katika hali hiyo. Kwao kitabu huja kimeshanyooka, hakina pa kutia mkono. Ukurasa wa kwanza aliuandika mara 9, na zote tisa alikuja nazo. Dawati moja wakaanza kuzihesabu sentensi zilizokatwa, dawati la pili wakafuata, na muda si muda darasa zima likawa linashindana kutafuta karatasi iliyokatwa zaidi.

Kijana mmoja wa nyuma, ambaye mwaka huu sijapata kumsikia akiuliza kitu, akanyosha mkono. "Bi, wewe mwalimu wako alikuwa akikupa ngapi?"

Wenzake wakacheka. Mgeni hakucheka. "Insha yangu ya mwanzo, mwanangu, nilipata 4 kati ya 20. Ninayo mpaka leo."

Nilikuwa nimeegemea mlango, nikawa najiuliza: mimi siku zote nimewaambia nini watoto hawa juu ya waandishi? Said Ahmed Mohamed amezaliwa Mgogoni, kisiwa hiki hiki, mwaka 1947. Nimewahi kusomesha kazi zake muhula mzima bila ya kulitaja jambo hilo hata mara moja. Abdulrazak Gurnah alipopata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, chumba cha walimu kilijaa furaha, nami niliwatangazia wanafunzi kwa fahari kwamba ni mtoto wa Zanzibar. Msichana mmoja akaniuliza anakaa wapi. Uingereza, nikamwambia. Na yule wa Mgogoni? Alisomesha miaka mingi Ujerumani. Sikuliona wakati ule, lakini mtoto akiyaunganisha majibu hayo mawili anatoka na fundisho la tatu ambalo sikukusudia kumpa: kwamba mwandishi ni mtu aliyeondoka.

Mgeni wetu aliwaelezea habari za Haji Gora Haji, mzaliwa wa Tumbatu mwaka 1933, ambaye skuli hakuingia, chuo cha Kurani ndiko alikosoma. Alivua samaki, alibeba mizigo, na huku akitunga mashairi ambayo leo yanasomeshwa vyuo vikuu. Aliishi visiwani humu mpaka alipofariki mwaka 2021. Niliwaona vijana wa mstari wa nyuma wakikaa vizuri. Baba zao ni wavuvi.

Kisha akashika chaki, akaandika ubaoni: *Nipeni neno la kwenu ambalo hamjapata kuliona kitabuni.*

Hakuna aliyejibu. Wakanitazama mimi, wote.

Sitayasahau macho yale. Walikuwa wakiniomba ruhusa, kwa sababu mwenye kalamu nyekundu ni mimi. Mtoto akiandika *ntu*, namkatia namwandikia *mtu*. Akiandika *ntoto*, vile vile. Silikanushi hilo na sitaliacha, maana mtihani husahihishwa kwa Kiswahili sanifu, na usanifu huo ulishaegemezwa kwenye Kiunguja cha mjini tangu mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928. Mtoto wa Pemba asiyeujua atafeli, na kufeli kwake hakutamsaidia mtu. Lakini kumrekebisha mtoto tahajia ni kitu kimoja, na kumfanya ayaonee haya maneno ya mama yake ni kitu kingine, nami nimekuwa nikiyafanya yote mawili kwa kalamu moja. BAKIZA, baraza lenyewe la Kiswahili, limetutolea kamusi la lahaja ya Kipemba. Chumba chetu cha walimu hakina hata nakala moja, na sikumbuki kama nimewahi kuiulizia.

Nikawaambia, "Mwambieni. Semeni tu."

Neno la kwanza lilitoka kwa kijana wa nyuma yule yule: *makonyo*. Mgeni akamtaka aeleze, akaeleza vikonyo vinavyobaki watu wakishachambua karafuu usiku, na namna nyumba nzima inavyonukia mpaka mto wa kulalia. Akafuata wa *dema*, wa *upondo*, wa *bamvua*. Wakaanza kubishana, huyu kwao wanasema hivi, yule kwao vile, na kutoka kijiji kimoja kwenda cha pili ni mwendo wa miguu. Ubao ukajaa. Alichowaambia baadaye kilikuwa kifupi: chagua neno moja, andika ni nani nyumbani kwenu anayelisema na mikono yake inafanya nini anapolisema.

Waliandika dakika ishirini. Mimi huwapa mada kama "Umuhimu wa Elimu" na huletewa karatasi 42 zinazofanana. Siku hiyo hapakuwa na mbili zilizokaribiana.

Sasa nalifikia daftari.

Jumanne ile wasichana watano hawakuja. Tarehe ya ziara niliichagua kwa kalenda ya skuli, sikuutazama mwezi, na kumbe ilikuwa bamvua. Maji yakipwa sana namna ile, kinamama wa pwani hushuka na kamba zao za mwani, na mabinti huwafuata. Kilimo cha mwani kimeshika visiwani kwetu tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na wengi wanaokifanya ni wanawake. Katika rejista yangu kinaonekana kwa alama za utoro, mara mbili kwa mwezi, majina yale yale. Nilikuwa nikiyaona majina, mwezi sikuuona.

Mmoja kati ya watano hao alihadithiwa na jirani yake. Alihadithiwa vizuri, maana Alhamisi aliliweka daftari juu ya meza yangu, akasema "Maalim, na mimi nimeandika," akatoka kabla sijamjibu. Kurasa nne. Neno alilolichagua ni *taitai*.

Taitai ni kikamba chembamba kinachofungia shada la mwani kwenye kamba ndefu. Sasa nalijua. Mwezi wa pili mwanafunzi huyu huyu aliandika katika insha, "Usiku mama alikata taitai," nami nikalizungushia duara jekundu, nikaandika pembeni: *Neno gani hili?* Nikamkata alama. Mimi ni mtu wa Chake, kwetu ni karafuu, bahari tunaiona tukisafiri. Sikulijua neno na sikumuuliza mwenyewe. Nililihesabu kosa.

Katika kurasa hizi nne ameeleza jinsi mama yake anavyokaa barazani baada ya isha akikata taitai, na kwamba hazihesabu kwa namba. Huzihesabu kwa majina ya watu: ya wazazi wake, ndugu zake, majirani, watoto wake. Kila jina taitai moja, na majina yakimalizika huanza tena. Akifika kwa jina la kaka yao aliyefariki, huinuka akaenda kunywa maji, kisha akarudi akakaa na kuendelea na linalofuata. Mwandishi hakueleza kwa nini. Ameliacha hivyo, akaendelea na habari ya kisu.

Nimesoma insha miaka kumi na saba. Sijapata kusoma mahali pengine mtoto amejua pa kunyamaza.

Na hakuwepo darasani! Ndilo lililonikalisha hapa tangu alasiri. Hakumwona mgeni, hakuzishika karatasi zilizokatwa. Lililomfikia ni swali tu, kwa mdomo wa jirani yake, labda wakiwa njiani wamejitwika kapu. Nilipokuwa nikipanga ziara, nilihangaika na chai ya mgeni na ruhusa ya mwalimu mkuu, swali sikulifikiria. Nakala tatu za riwaya alizotuachia nimeziweka dirishani, si kabatini, na daftari la kuazimia lina majina 17 yanayongoja zamu. Nalifurahia hilo kwa dhati. Lakini naona ziara ile inaendelea kufanya kazi zaidi kwenye swali.

Nimelifungua tena daftari lake nyuma, ukurasa wa mwezi wa pili. Duara jekundu lipo pale pale, wino haukupauka. Nilifikiri kulifuta kwa wino mweupe, nikaona nitakuwa nalificha. Nimeandika chini yake kwa penseli: *Nilikosea mimi, si wewe. Taitai moja hukatwa urefu gani? Nataka kujua.* Kurasa nne za taitai sikuzitia alama yoyote.

Mgeni wetu amekubali kurudi. Jioni hii nilitoka nje nikautazama mwezi, nikahesabu kwa vidole, kisha nikamuuliza mzee wa jirani anayevua ili nihakikishe. Tarehe tumeiweka siku ya maji mafu, yasiyopwa sana.