Huduma kwa Wasio na Makazi Zisiishie Mlangoni

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikijitolea kwenye kituo cha mchana kinachohudumia watu wasio na makazi, na kama kuna jambo moja ambalo ningependa kila anayechangia, anayepanga au anayesimamia huduma hizi alizingatie, ni hili: tunatumia nguvu nyingi kumpokea mtu, kisha tunamwacha njiani. Tunajua kugawa chakula, blanketi na godoro la usiku mmoja, na vitu hivyo huokoa maisha, hasa nyakati za baridi na mvua. Hata hivyo, mtu aliyekula kwetu jana anarudi leo na shida zile zile, na mara nyingi hakuna hata mmoja miongoni mwetu aliyekabidhiwa jukumu la kujua amefikia wapi katika kutafuta kitambulisho, matibabu au chumba.

Chukua suala la mizigo. Mtu asiye na makazi hubeba mali yake yote kila aendako: nguo za kubadilisha, blanketi, dawa, na mfuko wa plastiki uliofungwa mara mbili ambamo ameweka karatasi zake zote za maana. Akiingia na mzigo huo kwenye ofisi ya mwajiri, ameshahukumiwa kabla hajafungua mdomo. Akiuficha nyuma ya jengo, anakaa kwenye usaili huku mawazo yake yote yako kule alikouacha. Nimewaona watu walio wagonjwa waziwazi wakikataa kulazwa hospitalini kwa sababu hawakuwa na wa kuwatunzia vitu vyao. Kituo chenye makabati yanayofungwa kwa kufuli, bafu, mahali pa kufulia na soketi za kuchajia simu kinampa mtu nafasi ya kwenda kushughulikia mambo yake mikono ikiwa mitupu na nguo zikiwa safi. Simu hasa isidharauliwe, kwa kuwa ofisi inayogawa vyumba ikimpigia asipatikane, chumba kinakwenda kwa anayefuata kwenye orodha.

Ule mfuko wa karatasi nao hauko salama. Hulowa, huibwa, au huzolewa pamoja na takataka siku wenyewe wanapofukuzwa mahali walipolala. Kitambulisho kikishapotea, mtu huambiwa kwamba ili apate kingine anahitaji cheti cha kuzaliwa, na ili atumiwe cheti anahitaji anwani, na anwani ndiyo hasa kitu asichokuwa nacho. Ndiyo maana kituo kinachoruhusu watu kupokea barua kwa anwani yake kinatoa huduma kubwa kuliko inavyoonekana, na sheria au kanuni inayoondoa sharti la anwani ina uzito kuliko misaada mingi ya vitu. Huko Uingereza, kwa mfano, mwongozo wa huduma ya afya ya taifa unaeleza kwamba mtu anaweza kujiandikisha kwenye kliniki ya daktari wa eneo lake bila kuonyesha kitambulisho wala uthibitisho wa anwani. Kazi inayobaki, nayo si ndogo, ni kumsindikiza mtu hadi dirisha la mapokezi, kwa kuwa yule aliyewahi kurudishwa na mhudumu asiyeufahamu mwongozo huo hatarudi tena peke yake.

Katika afya ndipo nilipojifunza zaidi maana ya kuanza taratibu. Mwaka 1985, daktari kijana aitwaye Jim O'Connell alijiunga na mpango mpya wa kuwatibu watu wasio na makazi mjini Boston, Marekani, akikusudia kukaa mwaka mmoja tu. Wauguzi waliokuwa wakiendesha kliniki ndani ya makao ya usiku walimtaka aweke kando vifaa vyake vya kitabibu na aanze kwa kuwaosha watu miguu. Nadhani yeyote aliyewahi kufanya kazi hii anaelewa sababu. Miguu ya mtu anayetembea kutwa na kulala na viatu ili visiibwe huvimba, huchubuka na kuoza katikati ya vidole, kwa hiyo kuiosha ni tiba yenyewe. Lakini pia, daktari aliyepiga magoti mbele ya beseni la maji ya uvuguvugu ameshuka chini ya macho ya mgonjwa, na mgonjwa ambaye kwa miaka mingi ameangaliwa kutoka juu anapata nafasi ya kuamua mwenyewe ni lini atasema kinachomsumbua. Wengine walichukua muda mrefu kabla ya kusema neno. O'Connell hakuondoka baada ya mwaka ule. Aliendelea na kazi hiyo kwa miongo kadhaa. Huko Pittsburgh, pia Marekani, daktari Jim Withers alianza mwaka 1992 kuzunguka usiku akiwatibu watu chini ya madaraja na kwenye vichochoro, na leo tiba ya mitaani ni fani inayofundishwa katika nchi nyingi. Wote wawili walifanikiwa kwa sababu mgonjwa alijua kwamba sura ile ile itaonekana tena wiki ijayo.

Tatizo la huduma nyingi ni kwamba zimepangwa kufuata saa za mtoaji. Makao ya usiku humtoa mtu nje alfajiri, kituo cha mchana hufunguliwa baadaye, ofisi ya ustawi wa jamii hufungwa mchana, na siku za mwisho wa juma karibu kila mlango umefungwa. Yapo makao yasiyopokea wanandoa pamoja, na yapo yasiyomruhusu mtu kuingia na mbwa wake, ambaye pengine ndiye kiumbe pekee aliyebaki naye tangu maisha yalipoharibika. Mtu wa namna hiyo akiamua kulala nje, tunaandika kwenye daftari kwamba amekataa msaada. Sikubaliani kabisa na maneno hayo.

Kwa muda mrefu, wataalamu walishika utaratibu wa ngazi. Mtu aliyelala barabarani alitakiwa kwanza aache pombe au dawa za kulevya, akubali matibabu ya akili, akae katika nyumba ya pamoja chini ya uangalizi, na hatimaye, akionekana amestahili, apewe makazi yake. Wengi waliteleza katikati na kurudi mwanzo. Mwaka 1992, mwanasaikolojia Sam Tsemberis alianzisha mjini New York mpango uliogeuza utaratibu huo: mtu apewe kwanza nyumba yenye mkataba wa kawaida wa upangaji, bila sharti la kuacha kwanza pombe au dawa za kulevya, kisha timu ya wahudumu imfuate pale anapoishi na kumsaidia kwa kadiri anavyokubali. Mfumo huo, ambao tunaweza kuuita Makazi Kwanza, ulifanyiwa utafiti mkubwa nchini Kanada kati ya mwaka 2009 na 2013, katika miji ya Vancouver, Winnipeg, Toronto, Montreal na Moncton, ukihusisha watu zaidi ya 2,000. Katika miezi 6 ya mwisho ya utafiti, asilimia 62 ya waliopewa Makazi Kwanza walikuwa ndani ya nyumba muda wote, ilhali kwa waliopata huduma za kawaida walikuwa asilimia 31. Haki inanitaka niseme pia kwamba katika dalili za ugonjwa wa akili na matumizi ya vilevi, makundi yote mawili yalipata nafuu inayokaribiana. Nyumba humaliza kukosa nyumba. Mengine yanahitaji kazi ya ziada na muda.

Finland ndiyo nchi iliyoufanya mfumo huu kuwa sera ya taifa, kuanzia mwaka 2008. Makao ya zamani yenye vitanda vilivyopangwa safu kwa safu yaligeuzwa kuwa majengo ya vyumba vya kupanga, kila mtu na mlango wake, na wahudumu wakawekwa ndani ya majengo hayo hayo. Mwaka 1987 nchi hiyo ilikuwa na watu zaidi ya 18,000 wasio na makazi, na kufikia mwaka 2022 idadi ilikuwa imeshuka chini ya 4,000. Mwaka 2024 idadi ilipanda kwa mara ya kwanza baada ya zaidi ya miaka 10, katika mwaka ambao posho za nyumba zilikuwa zimepunguzwa. Nalitaja hilo kwa makusudi, kwa sababu wapo wanaodhani kwamba tatizo likishapungua, fedha zake zinaweza kuhamishiwa kwingine.

Sasa nifike kwenye sehemu inayoniuma zaidi, yaani wiki za kwanza baada ya mtu kukabidhiwa ufunguo. Siku ya kuhamia kila mtu anafurahi, picha zinapigwa, na mfadhili anapata taarifa yake. Jioni mlango unafungwa, na mtu aliyezoea kulala akisikia magari, vikohozi vya wenzake na hatua za wapita njia anabaki na ukimya ambao hajui aufanye nini. Wapo wanaolala sakafuni kwa majuma kadhaa, kando ya mlango, wakiwa wamevaa viatu. Kisha wanakuja marafiki wa barabarani wakibisha hodi, nao walimsaidia siku alipokuwa hana kitu, kwa hiyo kuwafungia nje ni usaliti na kuwafungulia ni kuvunja mkataba. Bili ya kwanza inafika na haijafunguliwa, kwa maana kwake bahasha ya serikali haijawahi kuleta jema. Jirani analalamika kuhusu kelele. Miezi michache baadaye chumba kinapotea, na watu wanasema kwamba fulani hawezi kukaa ndani ya nyumba.

Angeweza, kama kungekuwa na mtu wa kumsaidia kufungua ile bahasha. Mjini New York, wataalamu wa afya ya akili walibuni utaratibu wa ufuatiliaji wa miezi 9 kwa watu wanaotoka kwenye makao au hospitali na kuingia kwenye nyumba, uliogawanywa katika awamu 3. Katika awamu ya kwanza, mhudumu mmoja aliyefahamiana na mtu huyo kabla hajahama humtembelea mara kwa mara, huzungumza na mwenye nyumba, humpeleka zahanati ya karibu na kumtambulisha. Katika awamu ya pili mhudumu hupunguza ujio wake na kuangalia kama mtu, majirani, ndugu na zahanati wanaweza kushikilia mambo wenyewe. Katika awamu ya tatu wanaagana kwa utaratibu unaojulikana tangu siku ya kwanza. Napenda utaratibu huu kwa sababu haumfanyi mtu amtegemee mhudumu milele, wala haumtupi. Pia gharama yake inakadirika: mhudumu, nauli, simu, na idadi ya watu isiyozidi uwezo wake.

Ufuatiliaji wa mtu mmoja mmoja hauwezekani, hata hivyo, iwapo kila shirika lina daftari lake na halionyeshi jingine. Mji wa Houston nchini Marekani ni mfano mzuri hapa. Mashirika zaidi ya 100 yalikubali kufanya kazi chini ya mpango mmoja, wakitumia orodha moja na vigezo vya pamoja vya nani apewe nyumba kwanza, na katika mwongo ulioishia mwaka 2022 zaidi ya watu 25,000 waliingizwa katika nyumba. Idadi ya wasio na makazi mjini humo ilipungua kwa zaidi ya asilimia 60 kuanzia mwaka 2011. Mashirika hayo yalitofautiana kidini, kifedha na kimtazamo, na bado yaliweza kukubaliana kwamba mtu asisimulie historia ya maisha yake upya kwa kila dawati.

Kusimulia upya huko si jambo dogo. Kila dodoso huuliza kuhusu kifo, kupigwa, kufungwa, talaka, ulevi. Nimemwona mama mmoja akijibu maswali hayo kwa sauti isiyo na uhai kabisa, kama anayesoma orodha ya vitu dukani, kwa kuwa ndiyo njia pekee iliyombakia ya kuyasema bila kuanguka. Dodoso lake lilipokwisha, aliambiwa aende ofisi nyingine, na huko angekuta dodoso jingine.

Kwa sababu hiyo naunga mkono kwa moyo wote kuajiriwa kwa watu waliowahi kulala nje. Wanajua ni maswali gani yasubiri, wanajua kwamba mtu anayefoka asubuhi pengine hakupata usingizi, na wanaaminika upesi. Lakini walipwe mshahara kamili, wapewe mafunzo na mapumziko, wala wasitumiwe kama mashahidi wa kupandishwa jukwaani siku ya harambee.

Kamati ya kituo chetu inaandaa bajeti mpya, na pendekezo lililo mezani ni kununua magodoro zaidi. Nimeomba kwamba, kabla ya godoro hata moja kununuliwa, itengwe nafasi ya mhudumu mmoja wa kuwafuatilia wale waliokwisha kupata vyumba kwa miezi 9 ya kwanza, na kituo kifunguliwe pia siku za Jumapili. Wenzangu wawili wameniunga mkono, na mweka hazina ameomba hesabu kamili, ambayo nitaiwasilisha kwenye kikao kijacho.