Mkato ulioficha kosa langu

Wiki hii nimekamilisha mchoro wa uunganishaji (unaoonyesha vipande vyote vikiwa vimeunganishwa) wa jiriwa ya mezani, yaani kibanio cha kushikilia kitu kinachofanyiwa kazi, yenye vipande 11, na saa nyingi zimeishia mahali pamoja tu, kwenye mkato wa katikati, yaani mwonekano wa kifaa kana kwamba kimepasuliwa. Kuvipanga vipande ndani ya programu ya kuchorea hakukunisumbua: unalinganisha mhimili wa parafujo na mhimili wa tundu, unagusanisha nyuso mbili, kipande kinatulia. Tatizo lilianza nilipoukata mwili kwa urefu ili sehemu za ndani zionekane, kwani programu ilijaza mistari ya mshazari juu ya kila kilichopitiwa na mkato, parafujo na pini zikiwamo, nami (kwa uvivu, nakiri) nikaiwasilisha kazi hivyo hivyo.

Msimamizi wangu aliirudisha ikiwa na duara jekundu kuzunguka parafujo. Kanuni za uchoraji wa mitambo zinataka shafti, bolti, nati na pini zinazokatwa kwa urefu ziachwe bila mistari, na vipande vinavyopakana vipewe mistari yenye mielekeo tofauti, la sivyo msomaji ataviona kama chuma kimoja.

Nilipoifuta mistari ya parafujo, nikaona kilichokuwa kimejificha chini yake: ncha ya parafujo ilikuwa imezama milimita 2 ndani ya ukuta wa mwili, jambo ambalo kompyuta hulikubali bila kunung'unika. Nimeifupisha, na urefu mpya umeingia wenyewe kwenye orodha ya vipande. Sasa nabishana na nafsi yangu kuhusu mpini wa kuzungushia parafujo, kama uchorwe ukiwa umegeuzwa ili uonekane kwa urefu wake.