Dublin, saa kumi na moja jioni

17 Juni

Jana ilikuwa Bloomsday. Tarehe 16 Juni kila mwaka watu hapa huvaa kofia za majani na magauni marefu kama ya mwaka 1904, kwa kuwa riwaya ya James Joyce, Ulysses, inatokea ndani ya siku hiyo moja. Mgeni anayesafiri kwa ajili ya vitabu huiwania tarehe hiyo. Mimi naona siku inayofuata ina heri zaidi. Pale Davy Byrnes, Duke Street, ambapo Leopold Bloom, mhusika mkuu wa riwaya, alikula sandwichi ya jibini la gorgonzola na glasi ya mvinyo wa burgundy, jana hapakuwa na pa kukanyaga; leo unapata kiti.

Sura ninayoirudia mara kwa mara si ya sandwichi. Ni ile ya saa kumi na moja jioni, ndani ya baa ya Barney Kiernan, mtaa wa Little Britain. Wanaume wanakunywa na kubishana, kisha mmoja anaulizia ripoti ya yule mtu ambaye jina limemtoka. Mwenzake anamtajia: Casement, Mwairishi. Wanachokizungumza ni Kongo, utomvu wa mpira na watu kuchapwa viboko. Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza, alisafiri Kongo ya juu mwaka 1903 akiandika maneno ya wenyeji waliokatwa mikono na kuchomewa vijiji chini ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Ripoti ilichapishwa mwaka 1904, lakini serikali iliondoa majina ya watu na vijiji na kuweka herufi tupu. Hebu fikiri: Dublin ilikuwa inalisahau jina la aliyeandika, na walioandikwa hawakuwa na jina lolote.

Baa ile haipo tena, na mtaani hakuna cha kupiga picha. Lakini sura hiyo inakueleza baa ya Ireland ni kitu gani: ni baraza kwanza, bia baadaye. Asiyekunywa asiogope. Agiza chai, soda au Guinness 0.0 isiyo na kileo, na hakuna atakayekuuliza. Kinachowakera watu ni kukaa kimya ukichezea simu.

Kwa wanaokunywa, Guinness, bia nyeusi, ina utaratibu wake. Glasi huinamishwa nyuzi 45 na kujazwa robo tatu, kisha huachwa kaunteni itulie. Viputo ni vya naitrojeni zaidi kuliko hewa ya ukaa, ndiyo maana ni vidogo na povu ni zito kama malai. Weusi ukishapanda mpaka chini ya povu, mhudumu husukuma mkono wa bomba kwenda nyuma na kujazia hadi povu livimbe kidogo juu ya ukingo. Kiwanda chenyewe hutaja sekunde 119.5 kwa kazi yote. Kosa la mgeni ni kuinyakua glasi kabla haijajaziwa. Ukinywa, kila funda liache pete ya povu ndani ya glasi. Pete zisipobaki, glasi ina mafuta. Ikiwa na uchachu, mabomba hayajasafishwa, na kuirudisha kwa upole si utovu wa adabu.

Raundi, yaani kila mmoja kuwanunulia wenzake wote kwa zamu, ndiyo inayowaumiza wageni. Ukikubali glasi ya kwanza kutoka kwa mwenzako, umeingia kwenye mzunguko na zamu yako itafika. Mkiwa watano ni painti tano kila mtu, na painti ni mililita 568, yaani karibu lita tatu tumboni. Ukitaka moja tu, sema mwanzoni kabisa, jinunulie, ulipe palepale kaunteni. Bakshishi kaunteni hawaitegemei. Kufunga ni saa tano na nusu usiku Jumatatu hadi Alhamisi, saa sita na nusu Ijumaa na Jumamosi, saa tano Jumapili, na nusu saa ya kumalizia kilichomo. Sigara ni nje, sheria ya tangu 2004.

Muziki tafuta Cobblestone, Smithfield, kama dakika kumi kwa miguu kutoka Little Britain Street. Temple Bar, mtaa wa watalii, utalipa zaidi usikie kidogo. Viti vya pembeni ni vya wapigaji, hata vikiwa vitupu. Fidla, filimbi na ngoma ya bodhrán huunganisha nyimbo mbili tatu bila kusimama: kila wimbo una sehemu mbili, kila sehemu mara mbili, na wimbo wote mara tatu hivi kabla ya kuhamia mwingine. Kwa hiyo usipige makofi wimbo unapobadilika, ngoja wasimame. Mtu akianza kuimba bila ala, baa yote hunyamaza, na wewe nyamaza.

Karatasi za safari, kwa ufupi, kwa kuwa hapa wengi hukwama. Ireland haimo Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia visa moja. Visa ya Ufaransa au Ujerumani haikuingizi Dublin. Mtanzania na Mkenya wanahitaji visa ya Ireland yenyewe. Kupitia Doha, Dubai au Istanbul kunakuepusha na maswali ya viwanja vya Schengen. Na Belfast, Ireland ya Kaskazini, iko chini ya Uingereza: basi kutoka Dublin huvuka mpaka bila kizuizi, huoni hata bango la maana, lakini bila visa ya Uingereza umevunja sheria.

Asubuhi panda treni ya DART hadi Sandycove & Glasthule. Kutoka kituoni ni mwendo mfupi hadi mnara wa mawe ambamo Joyce alilala siku chache mwezi Septemba 1904 na ambamo riwaya inaanzia. Ngazi ni nyembamba. Mkoba mkubwa uache. Sandycove hiyohiyo ndiko alikozaliwa Casement, mwaka 1864. Ukirudi kwa miguu kando ya bahari hadi Dún Laoghaire, utamkuta kwenye sanamu, penye mabafu ya zamani.

Waingereza walimnyonga London mwaka 1916 kwa kutafuta silaha za Ujerumani kwa ajili ya uhuru wa Ireland. Mabaki yake yalirudishwa 1965, akazikwa makaburi ya Glasnevin, Dublin. Ukitoka kaburini, usiishie lango kuu. Zunguka hadi Prospect Square, kwenye baa ya John Kavanagh iliyopo tangu 1833, ambayo watu huiita ya wachimba makaburi. Ndani hakuna muziki wala televisheni. Kuna sauti za watu tu, na ukikaa karibu na kaunta mtu atakuuliza umetoka wapi.