Asubuhi ya kuhesabu heroe Ziwa Singidani

Mvua ilinyesha usiku kucha Singida, na hilo peke yake lilitosha kubadili kazi ya siku ile. Ilikuwa Januari, mwezi ambao ndege wa majini huhesabiwa kwa pamoja katika nchi nyingi, kwa sababu wahamiaji kutoka Ulaya na Asia, wakiwemo vitwitwi wa kila aina, wanakuwa wametulia huku kwetu. Ukihesabu Oktoba au Machi, ndege unayemwona leo kesho anaweza kuwa ziwa jingine.

Tulikuwa juu ya jabali upande wa mashariki wa Ziwa Singidani kabla ya saa moja asubuhi, jua likiwa mgongoni, tayari kuhesabu heroe, yaani flamingo. Singida majabali si haba, na kwa kuhesabu ndege hayana mbadala: ukisimama chini kwenye tope, heroe wa mbele wanawaficha wa nyuma. Saa nazo zina sababu. Kufika saa tatu hivi upepo wa Singida unaanza kutikisa darubini kwenye miguu yake mitatu, na joto likipanda, hewa juu ya maji inachezacheza hadi heroe mdogo na heroe mkubwa wanafanana. Asubuhi tofauti iko wazi. Mkubwa ni mweupe mwenye wekundu wa kufifia, mdomo wake ni wa waridi na ncha nyeusi. Mdogo ana mdomo mwekundu uliokolea, na kwa mbali unaonekana kama mweusi. Wachanga wa aina zote mbili wana rangi ya kijivu, na hao ndio wanaorukwa mara nyingi kwenye hesabu kwa sababu jicho linatafuta waridi.

Kundi likiwa limesongamana hakuna anayehesabu mmoja mmoja. Unahesabu kumi kwa uhakika, unakariri ukubwa wa hao kumi ndani ya darubini, unaupanga mara kumi upate mia, halafu unatembeza hiyo mia kutoka kushoto kwenda kulia bila kurudi nyuma. Kila mia, unabofya kihesabio mara moja. Watu wawili wanahesabu kila mtu kivyake, hawaambiani kitu mpaka wote wawe wameandika. Zikipishana sana, mnarudia. Kosa la kawaida ni kuhesabu pungufu, kwa kuwa katikati ya kundi ndege wanabanana kuliko pembeni, na ile mia uliyoikariri pembeni haitoshi katikati. Kwa hiyo tulikariri mia za aina mbili, moja ya pembeni na moja ya katikati. Naamini mpaka leo kwamba hatua hii ndogo inaokoa hesabu kuliko darubini ya bei mbaya.

Sasa, siku ile kundi kubwa halikuwa katikati ya ziwa. Lilikuwa limejaa mahali kijito cha mvua kinapomwaga maji, kahawia tupu, ndege wakinywa na kujimwagia maji mabawani. Kongoti wawili walisimama ufukweni wakiwatazama, jambo ambalo halikutupendeza, maana kongoti akiruka kuelekea kwa heroe, kundi zima linanyanyuka na hesabu inaharibika. Mara akaja mzee na ng'ombe wake kwa njia iyo hiyo ya kijito.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, wanangu. Mnatafuta nini na hayo madarubini?"

"Tunahesabu ndege, mzee. Tunaomba ng'ombe wasiteremke kwanza, tumalize."

"Nitangoja. Lakini hawa hawaendi mbali. Mvua ikinyesha wanakuja hapa kunywa. Maji ya kule ndani ni magadi matupu, hata ng'ombe wangu wanayakwepa."

Kauli ile ilikuwa na thamani ya kipimo. Ziwa hili halina mto unaotoka. Maji yanayoingia yanapungua kwa kupigwa na jua tu, na chumvi inabaki. Heroe mdogo anajilisha kwenye maji hayo mazito, akigeuza mdomo juu chini na kuchuja vijani vidogo vya aina ya spirulina. Kunywa na kuoga, hata hivyo, anapendelea maji baridi yasiyo na chumvi akiyapata. Kwa hiyo pale ndege walipokuwa asubuhi ile hapakuwa pale wanapokula.

Mwanafunzi mmoja tuliyekuwa naye alishashika chupa, tayari kwenda kuteka maji palipo na ndege. Ni wazo la kawaida, na kwa siku isiyo na mvua lingekuwa sawa. Tulimwomba asubiri hesabu iishe, kisha tukachukua kipima chumvi na kutembea kutoka mdomo wa kijito kuelekea ziwani, tukisimama kila baada ya hatua ishirini. Mdomoni kifaa, ambacho hupima chumvi kwa jinsi maji yanavyopitisha umeme, kilisoma kwa maikrosimensi. Mbele kidogo kikahamia milisimensi, ambazo kila moja ni maikrosimensi elfu, na kila kituo kikapanda. Maji yalipofika magotini tulipima mara mbili: sentimita kumi chini ya uso, na tena karibu na tope. Juu chumvi ilikuwa kidogo, chini nyingi. Maji ya mvua ni mepesi, yanatandaza juu ya maji ya magadi bila kuchanganyika mpaka upepo uyakoroge. Mtu akichota kwa kuinamisha chupa juu juu, anapeleka maabara maji ya mvua na kuyaita ziwa.

Tulikodi mtumbwi kwenda katikati, baada ya kuhesabu na si kabla, maana mtumbwi unafukuza ndege. Huko kipimo kilionyesha "1" peke yake upande wa kushoto wa kioo: kimevuka ukomo wake, ambao ni milisimensi 20. Dawa yake ni kuchukua sehemu moja ya maji ya ziwa, sehemu tisa za maji yaliyokenekwa, kupima, na kuzidisha kwa kumi. Jibu linatoka juu kidogo ya ukweli, kwa sababu chembe za chumvi zikibanana zinazuiana kupitisha umeme, na ukizipunguza zinapitisha vizuri zaidi. Ndiyo maana kwenye fomu tuliandika kwamba maji yaliongezwa, na kwa kiwango gani. Bila maneno hayo, mtu wa mwaka unaofuata atalinganisha vitu viwili visivyolingana.

Kipima pH, yaani kipimo cha asidi au magadi ya maji ambacho 7 ni katikati na juu yake ni magadi, tulikilinganisha kwa vimiminika ambavyo pH yake inajulikana, vya 7 na 10, si 4 na 7 kama ilivyozoeleka kwenye visima, kwa kuwa maji ya magadi yako juu ya 9. Tena saa iliandikwa. Mchana vijani vinanyonya hewa ya ukaa kutengeneza chakula chao na pH inapanda. Oksijeni nayo inafurika alasiri na kushuka vibaya kabla ya mapambazuko. Ukipima ziwa moja asubuhi na jingine saa nane, umepima jua.

Mwisho zilikuwa chupa mbili za mililita 250, moja ya kijitoni, moja ya katikati. Kila moja ilitiwa matone ya lugoli, ile dawa ya iodini, mpaka maji yakapata rangi ya chai hafifu isiyo na maziwa, kisha zikafungwa gizani, maana mwanga unaiua lugoli na vijani vinaoza njiani. Chini ya hadubini, chupa ya katikati ilijaa nyuzi zilizojisokota za spirulina. Ya kijitoni ilikuwa na chembe za udongo, na nyuzi za kutafuta.

Fomu tuliyoijaza ilikuwa na nafasi moja ya "ubora wa maji". Tuliigawa kwa kalamu mara mbili, maji ya kunywa na maji ya kulia, na kwa heroe wa pale kijitoni tukaongeza shughuli yao: wanakunywa, wanaoga. Idadi ikibaki yenyewe bila neno hilo, anayeisoma atadhani heroe elfu kadhaa wanaishi kwa maji ya mvua, na siku ya kupanga ulinzi wa ziwa atalinda kijito na kuacha katikati ipokee majitaka ya mji. Vyote viwili vinahitajika, kijito kiwe kisafi na ziwa libaki na magadi yake, maana lisipokuwa na magadi, chakula chao kinapotea na wanahama.

Mzee aliteremsha ng'ombe wake tulipopungia mkono kutoka jabalini. Heroe walisogea hatua chache, wakaendelea kunywa.