Herufi ya Kwanza

Juzi binti yangu aliazima laptopu yangu achape kazi yake ya chuo. Akakaa kimya kuliko kawaida yake, kisha akaniuliza: "Mama, mbona mafaili yako yote yanaanza na namba?"

Nikamjibu juu juu. Nikamwambia ukitanguliza mwaka, ukafuatisha mwezi, kisha siku, kompyuta inakupangia yenyewe, maana inasoma jina kuanzia kushoto. Ukitanguliza siku, tarehe 1 Januari itakaa jirani na 1 Julai. Na usipoweka sifuri mbele ya namba ndogo, kuna programu zitakazokuwekea 10 kabla ya 2. Akaitikia "sawa mama", akaihifadhi kazi yake kwa jina la "kazi ya mwisho mpya kabisa", akaenda zake. Usiku ule usingizi ulinikwepa. Namba nilikuwa nimemweleza. Ya herufi sikumweleza.

Ilikuwa Agosti 2012. Mdogo wangu alikuwa anaolewa Jumamosi, na mimi ndiye niliyepewa kurekodi, kwa sababu simu yangu ndiyo iliyokuwa na kamera ya kueleweka. Ijumaa jioni nikakuta memori kadi imejaa, gigabaiti 2 zote. Umeme wa Kigoma enzi zile ulikuwa wa majenereta, na sisi wa mtaa wa Mwanga tulishazoea kufanya mambo mbiombio kabla haujakatika. Nikaanza kufuta.

Kwenye kadi ile kulikuwa na sauti ya bibi, dakika 40, akisimulia alivyoletwa Kigoma na meli ya Liemba akiwa msichana, kutoka Karema. Bibi alikuwa ametutoka Februari ya mwaka huohuo. Sauti hiyo niliifuta bila wasiwasi, kwa kuwa nilijua ipo kwenye kompyuta. Niliipeleka mwenyewe kwenye desktopu na jina lake nililiona pale kila siku nikiwasha: bibi.

Jumatatu, harusi imekwisha, nikataka kumsikia. Nikabofya. Kompyuta ikaniambia faili halionekani.

Kwenye kona ya chini ya ile alama kulikuwa na kamshale kadogo kalikojikunja. Miezi yote ile nilikuwa nakatazama na sikukaona. Kamshale kale maana yake hapa hakuna faili, kuna shotikati tu, kibao kinachoonyesha faili liliko. Uzito wake kilobaiti 1. Ni sawa na kuandika kwenye karatasi "bibi anakaa Kibirizi", ukaikunja mfukoni, ukaamini umembeba bibi. Nikakimbilia kwenye pipa la taka la kompyuta. Tupu. Kinachofutwa kwenye kadi hakipitii kwenye pipa.

Fundi mmoja pale Mwanga, kijana ambaye kibanda chake kilikuwa na upana wa kitanda, alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema: "Dada, kufuta si kuchoma. Unaijua Liemba?"

Nani Kigoma asiyeijua Liemba.

"Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, ingali inaitwa Graf von Götzen. Lakini kabla ya kuizamisha wakaipaka mitambo grisi. Ikakaa huko chini mpaka Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini. Faili lako nalo limezama tu. Mashine imeandika kwenye daftari lake kwamba ile nafasi iko wazi, basi. Kilichokuwemo bado kimo, mpaka kije kitu kingine kikae juu yake." Akanitazama. "Tangu ufute, umeweka kitu?"

Nikamwambia nimerekodi harusi nzima.

Hakusema neno. Alichomeka kadi, akafungua programu ya kuokoa mafaili, mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Nakumbuka joto la kile kibanda, na harufu ya mawese kutoka kwa mama aliyekuwa akikaanga mihogo nje. Nakumbuka nilikuwa nimeshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Majina yakaanza kushuka, moja chini ya jingine, na yote yalikuwa na kasoro ileile. Pale pa herufi ya kwanza palikuwa na kistari. _icha. _zee. _hamba.

Fundi akanieleza kwamba kadi zile hutumia mpangilio unaoitwa FAT, na kwa majina mafupi kama yangu, faili likifutwa mfumo hauondoi jina lote. Unatia alama juu ya herufi ya kwanza tu. Hiyo ndiyo alama ya kifo. Herufi nyingine zinabaki zilivyokuwa.

Kisha nikaliona. _ibi. Megabaiti tatu na ushei.

Akalichagua. Programu ikafungua kidirisha, ikauliza herufi inayokosekana. Fundi aliinua vidole kutoka kwenye kibodi, akaisogeza mbele yangu. "Weka wewe, dada."

Sijui nilikaa pale muda gani. Ni herufi moja, na hakuna aliyekuwa akinikataza. Lakini nilihisi kama nimesimama mlangoni kwake Kibirizi, nimeshabisha hodi, nasubiri kama ataitika. Nikabonyeza b.

Kwanza ukaja upepo. Kiti kikakwaruza. Kikohozi, na hicho kikohozi peke yake kilitosha kunitoa machozi. Kisha sauti yake: "Mke mwenzangu, hicho kidude kinashika maneno kweli?" Nikajisikia nacheka. "Haya. Karema siku hizo hapakuwa na gati. Meli inasimama huko majini, usiku, inapiga honi, nyie mnaifuata na mtumbwi. Mimi mama amenifunga kanga mbili, ameniambia nisitazame maji..."

Akakata ghafla. "Wee! Dagaa! Mvua hiyo, dagaa wanalowa!" Kiti kikaanguka. Nyayo zikakimbia. Nikasikika kwa mbali nikisema "naja bibi", halafu mvua ikapiga mabati, na kwa dakika nzima hakuna kingine ila mvua. Akarudi anahema, anacheka, ananilaumu kwamba nimeokota kwa ulegevu. "Haya, tulikuwa wapi?"

"Mtumbwini, bibi."

"Eeh. Mtumbwini."

Baada ya hapo ni milio. Mikali, ya kukatikakatika, ambayo haifanani na chochote. Fundi akapunguza sauti taratibu, akajaribu tena, akajaribu programu nyingine, mpaka umeme ukakatika. Dakika nne na kidogo ndizo zilizoibuliwa. Zilizobaki, kina mama wanapiga vigelegele juu yake.

Video ile mdogo wangu anaipenda sana. Kila mwaka siku ya ndoa yao ananiomba nimtumie tena, na mimi namtumia. Sijawahi kumwambia imekaa juu ya nini.

Hadithi yenyewe naijua kwa muhtasari, maana bibi aliirudia mara nyingi. Ninachokikosa ni namna alivyoisema siku ile, na kuna sehemu alisema hajawahi kumsimulia mtu. Nimejaribu kuikumbuka mpaka sasa sijui lipi alisema na lipi nimelitunga mwenyewe kwa kutamani.

Tangu hapo napanga. Sifuti kitu kabla sijafungua nakala na kuisikiliza mpaka mwisho, na kila kitu kinakaa mahali pawili au zaidi, pamoja pakiwa nje ya nyumba hii. Huwa najiuliza kama huu ni utaratibu au ni woga uliovaa nguo za utaratibu. Bado sijui.

Binti yangu amerudi jana na swali la pili. Alikuwa ameona faili moja ambalo namba zake haziko sawa: 2011-00-00_bibi_mtumbwini. "Mama, hakuna mwezi wa sifuri."

Safari hii nilimkalisha chini. Saa ya simu ile ilikuwa inajirudisha nyuma kila nikitoa betri, kwa hiyo tarehe iliyorudi na faili ilikuwa ya uongo. Mwaka nina hakika nao, maana simu niliinunua 2011 na Januari iliyofuata bibi hakutoka kitandani. Mvua inasema huenda ni Novemba au Desemba. Na dagaa walikuwa wameanikwa, maana yake wavuvi walikuwa wametoka kwa taa, maana yake ulikuwa mwezi wa giza, kwa sababu mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanakaa nyumbani. Hapo ndipo ninapofika. Siwezi kusogea zaidi.

Akasikiliza zile dakika nne mara mbili. Kisha akaniomba nakala, na kabla hajatoa flashi akaifungua huko huko, akaiacha ipige mpaka kwenye milio.