Rubavu, kule maji yanakoteremkia kwetu

Stendi ya Nyabugogo, hapa Kigali, siku ya Ijumaa mchana imefurika, lakini humkuti mtu anayepanda dirishani. Unakata tiketi yenye saa, unakaa, kosta yako inaitwa, unapanda. Kwa sisi tuliokulia kwenye mabasi ya kubanana, utulivu huo unatia wasiwasi kidogo. Mimi ni mtu wa Kigoma, kazi ndiyo iliyonipeleka Kigali, na wenzangu wa ofisini walikuwa wameshachoka kunisikia nikililia ziwa. Nenda Rubavu, waliniambia. Wazee bado wanapaita Gisenyi.

Ni kama kilomita 150 tu, ila barabara haijui kunyooka. Unapanda Shyorongi huku mto Nyabarongo ukibaki chini kama kamba ya udongo, na kona zinaanza kazi yake juu ya tumbo lako. Tulisimama Nyirangarambe, mahindi ya kuchoma na mishikaki vikapita madirishani, jirani yangu akanunua vyote viwili na kula hadi Musanze bila kusema neno.

Musanze ndipo milima inapoanza kujionyesha, ikipenda. Karisimbi, wenye mita 4,507, ulikuwa umejifunika wingu mpaka mabegani. Watalii wengi hushuka hapo kwenda kuwaona gorila, na mgeni kutoka nje ya Afrika hulipishwa hadi dola 1,500 kwa saa moja ya kuwatazama. Sikushuka. Kwetu Gombe tuna sokwe, na hata hao sijawaona.

Baada ya hapo ardhi inabadilika rangi. Udongo ni mweusi, kuta za mashamba ni za mawe ya volkano, viazi vimejaa hadi kwenye ukingo wa lami. Kisha kosta inaanza kuteremka, kona baada ya kona, na ghafla ziwa Kivu liko chini yako lote, na pembeni yake mabati ya Goma, upande wa Kongo, yanang'aa. Ni miji miwili iliyoshikana na mpaka umepita katikati yake. Nilijikuta naangalia upande wa pili zaidi kuliko nilivyotarajia. Januari 2025, waasi wa M23 walipoiteka Goma, makombora yalianguka huku Rubavu yakaua watu. Dereva wa pikipiki aliyenipeleka kwenye nyumba ya wageni alinionyesha upande yalikoangukia kwa kidevu tu, kisha akabadilisha mazungumzo.

Ufukwe ni wa watu wote, na Jumamosi watu wote walikuwepo: watoto wa kanisani wakiwa na sare za kwaya, maharusi wakipigwa picha chini ya minazi ya mapambo, vijana wakijirusha majini. Nilisita kuingia. Mtoto wa Tanganyika anafundishwa kuangalia mamba kwanza. Kivu haina mamba wala kiboko, na sababu inayotajwa haipendezi sana: ni ziwa lililovurugwa na moto wa volkano mara nyingi. Samaki wake ni wachache, hawafiki aina 40, wakati Tanganyika ina mamia. Vilindini kumeyeyuka gesi ya methani na kaboni dioksaidi kwa wingi wa kutisha. Rwanda imeamua kuivuta hiyo methani na kuzalisha umeme. Mtambo wa KivuWatt, kusini zaidi huko Karongi, unatoa megawati 26. Nikiwa naelea chali niliwaza kwamba chini yangu kuna taa za watu. Maji yenyewe ni matamu, ya baridi ya kupendeza.

Jioni nilikaa kwa mama mmoja anayekaanga sambaza, samaki wadogo wa ziwa hili, karibu na wanakopaki mitumbwi. Alinisikia Kiswahili changu akacheka.

"Papa, weye si wa hapa."

"Natoka Kigoma, mama."

"Kigoma! Basi hawa ni ndugu zako. Kula yote, kichwa na mkia, usiache kitu."

Alisema kwa utani, lakini ni kweli tupu. Sambaza ni dagaa wa Tanganyika, hasa wale tunaowaita lumbu. Wabelgiji waliwaleta Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa kuwa ziwa hili halikuwa na samaki wa kuishi kwenye maji yake ya wazi, mbali na ufukwe. Wenyewe wasingeweza kuja. Zamani sana Kivu ilimwaga maji yake kaskazini, upande wa Nile. Volkano za Virunga zikaota, zikaziba njia, ziwa likajaa mpaka likapata upenyo kusini, kule Bukavu. Ndio mto Ruzizi, unaoporomoka mita 700 hivi hadi Tanganyika. Maji yanashuka kwetu, ila hakuna dagaa wa kuyapanda maporomoko yale.

Nilipokuwa namaliza sahani ya pili, wavuvi walianza kutoka. Mitumbwi mitatu hufungwa pamoja, na fito ndefu zinatokeza mbele na nyuma kushika wavu. Wanapiga kasia huku wanaimba, mmoja anatoa na wengine wanapokea, na usiku kucha taa zao zinawaita sambaza juu. Kwetu Kigoma, pale Kibirizi, injini zimeshaua nyimbo nyingi.

Jumapili nililazimika kuamka mapema kwa sababu mwenye nyumba aligonga mlango: "Njoo uone mlima kabla haujafunikwa na wingu." Nyiragongo, volkano ya upande wa Kongo, ulikuwa wazi, na moshi mwembamba kileleni. Mwaka 2002 uji wake wa moto ulipita katikati ya Goma hadi ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ulilipuka tena, uji ukasimama kwenye kingo za mji, na siku zilizofuata matetemeko yakapasua nyumba na barabara za Rubavu. Ufa mmoja uko kwenye ukuta wa ile nyumba ya wageni, umezibwa kwa saruji ya rangi tofauti. Mwenye nyumba anauonyesha wageni kama anavyoonyesha bafu.

Kabla ya kupanda kosta nilinunua sambaza wakavu, wakafungwa kwenye bahasha ya karatasi, maana mifuko ya plastiki Rwanda imepigwa marufuku tangu 2008. Nusu nilimtumia mama mdogo Ujiji. Alipiga simu baada ya kuwapika.

"Wazuri," alisema. "Ila mwanangu, dagaa gani hawa hawana hata punje ya mchanga?"